Shangazi Aliyeosha Mipaini

Harufu ya mbao mbichi za paini huwapendeza watu wengi. Mimi hunipandisha hasira, maana hunikumbusha Shangazi, dada yake marehemu baba, na bora niwaambie mapema kwamba sikuwahi kumpenda.

Kwetu Malindi, ile ya milimani, si ya pwani, nyuma ya nyumba mama alikuwa na mipaini aliyoipanda alipoolewa. Baba alishafariki, na miti hiyo ndiyo ingetupa mbao za paa jipya. La zamani lilivuja hata tukalala na sufuria kitandani. Mwaka ule mama alikata matawi ya chini, na kila jeraha likatoa utomvu mzito, wa rangi ya asali, unaonata vidoleni kutwa nzima.

Basi Krismasi Shangazi akaja kutoka Tanga na dharau zake. Akaegemea mti, gauni likanasa. Weee!

"Wifi, miti inatoka usaha na wewe unaiangalia tu?"

"Iache, wifi," mama alisema kwa upole. "Utomvu utakauka wenyewe."

"Uchafu haukauki, unaoshwa!"

Kesho yake akatupanga sisi watoto na visu, magunzi na maji ya moto ya sabuni. Tulikwangua kila jeraha mpaka likawa jeupe. Utomvu ukitoka tena, tukakwangua tena, likizo nzima, naye akituelekeza kivulini. Kuelekeza alijua, hilo simnyimi. Krismasi zilizofuata alikuja kukagua, na kazi ikaanza upya.

Masika yakaotesha ukungu kwenye majeraha, kisha weusi ukazama ndani. Mama alipokuja kuwaita wapasua mbao, kiini cha miti kilikuwa kimeoza. Aliokota kipande, kikamvunjikia mkononi, akaingia ndani.

Ukubwani, nikifanya kazi kwenye kitalu cha miti, ndipo nilipoelewa. Ule utomvu ndio dawa ya mti. Huziba jeraha, na kemikali zilizomo huua ukungu na bakteria kabla hawajapenya. Sisi tulikuwa tunaunyang'anya mti dawa yake, eti usafi!

Mama alifia chini ya paa lile lile. Shangazi alikuja msibani, akatazama dari yenye madoa, akaguna, "Wifi yangu naye, maisha yote kashindwa hata kuezeka."

Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa mama alinilea kwa adabu. Akaitikia marahaba, ameridhika kabisa, asijue kwamba heshima yenyewe sikuwa nayo hata chembe.