Risasi Ishirini za Baba

Ipo siku moja, mwanangu Idrisa, ambayo kila nikiikumbuka viganja hunitoka jasho, hata hapa Guangzhou, Uchina, na umri wangu huu wa kuitwa bibi. Asubuhi hii umenipigia simu ukiwa ghalani kiwandani, unauliza ufanye nini, maana geji unayopimia regulata za mitungi ya gesi ilianguka sakafuni na hukumbuki ilipoanguka ulikuwa umefika boksi la ngapi. Nikakwambia nitakuandikia. Basi vumilia maneno ya mtu mzima, hayaendi mbio.

Baba yangu alikuwa bwana nyama huko Liwale. Nyati au tembo wakiingia mashambani, yeye ndiye aliyeitwa na bunduki yake. Risasi za dukani zilikuwa adimu miaka ile, naye alikuwa na kibali cha kujaza zake mwenyewe, kwa vifaa alivyoachiwa na mkubwa wake wa kazi aliyestaafu. Unachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, unayasafisha, unayatia fataki mpya ya kuwashia, unapima baruti kwenye mizani ndogo, unaimimina, kisha unabana kichwa cha risasi juu yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na mikono iliyotulia, akanifundisha. Alikuwa akisema shabaha haianzii begani, inaanzia mezani. Kila risasi ikifanana na mwenzake, bunduki haikudanganyi.

Sharti lake lilikuwa moja. Kabla ya kupima, na tena baada ya kumaliza, unaweka mizanini jiwe dogo la shaba ambalo uzito wake unajulikana. Sindano ikisimama kwenye alama, kazi imekubalika.

Siku hiyo nilijaza ishirini. Jirani yetu alikuwa anamwoza binti yake, ngoma imeshaanza kulia, na shoga yangu Mwanaidi ananingoja barazani na kanga mpya. Jiwe nililiweka mwanzo. Mwisho sikuliweka. Nikasukuma kila kitu kabatini, nikakimbilia kucheza. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia ninyi kila siku, kana kwamba sisi tulizaliwa wazee.

Asubuhi yake baba alikuwa anafunga viatu. Nyati dume aliyenasuka mtegoni alikuwa amemvunja mkulima mmoja mbavu, na watu walikuwa nje wanamsubiri. Mimi nafuta vumbi kwenye mizani, nikaliweka lile jiwe kwa mazoea tu. Sindano ikapita alama. Haikupita sana, upana wa ukucha. Kama mizani ilikuwa imesogea wakati napima, basi zile risasi zilikuwa na baruti isiyo kipimo chake. Ikizidi, bunduki ingempasukia baba usoni. Ikipungua, angemjeruhi tu nyati aliyekwisha kukasirika, naye yuko hatua chache mbele yake. Lakini kama ilisogea wakati naisukuma kabatini, hapakuwa na neno. Ipi kati ya hizo mbili, sikujua.

Nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Nilijiambia ni kabati tu. Niliogopa hasira za baba kuliko nilivyoogopa kumzika, hebu fikiria upumbavu huo. Lakini mficha uchi hazai. Alipofika mlangoni nikamwambia yote, hadi habari ya ngoma.

Hakunigombeza. Alitoka akawaambia watu kwamba hayuko tayari, akarudi ndani, akavua viatu, akaketi mezani. Akairekebisha mizani, tukaanza kuzifungua moja moja: ng'oa kichwa, mwaga baruti, pima. Nje ikaanza minong'ono, kisha sauti. Mwanamume mmoja akasema wazi kwamba bwana nyama ameingiwa na woga, kajificha nyuma ya binti yake. Baba alisikia, na hakunitaja. Mpaka leo naumia nikikumbuka alivyoinamisha shingo juu ya mizani ile, maneno yakimpita.

Adhuhuri tukamaliza. Zote ishirini zilikuwa sawasawa. Nikacheka kwa kupata nafuu, nikamwambia, "Baba, kumbe zilikuwa nzima. Nimekuaibisha bure."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hukuniaibisha leo uliposema," akanijibu. "Uliniaibisha jana, ulipofunga kabati na hujui. Risasi usiyoijua ni mbovu, mwanangu, hata ikiwa nzima."

Tukazijaza upya, jiwe mwanzo na jiwe mwisho. Alasiri akaondoka, akarudi salama kabla ya jua kuzama. Yule msemaji hakuja kuomba radhi, na baba hakumngoja.

Sasa wewe, Idrisa. Laoban, bosi wa kiwanda, atakwambia "mei wenti", hakuna tatizo, na kwake kweli halipo, maana regulata hizo hazifungwi jikoni kwake. Wenye mzigo Kariakoo watapiga kelele kontena likichelewa, watasema kijana huyu kazi imemshinda. Waache waseme, kawia ufike. Tafuta geji nzima, fungua maboksi yote, hata yale ambayo moyo unakuapia kwamba uliyapima vizuri. Pengine utakuta zote nzima. Usijione mjinga, utakuwa umezijua. Na siku nyingine ukiharibu, sema mapema kama ulivyosema leo. Kwa hilo nimekupenda zaidi.

Haya nakuandikia nikiwa kwenye treni ya metro, naja huko kwako, kituo cha Pazhou nimeshakipita. Nilipitia mtaa wa maduka wa Yide Lu kununua selotepu ya kufungia maboksi tena, kwa kuwa hutayafungua peke yako. Mwenyezi Mungu akupe mikono iliyotulia na ulimi usioogopa kukiri. Na kila jiko litakalofungwa ulichokipima, watu wapike, wale, walale, wasilijue kamwe hata jina lako. Amina.