Saa ya Wifi Mkononi Mwangu

Karakanani kwetu kila mtu anaitwa kwa jambo lake, na wifi yangu anaitwa Kola. Hakuna anayeshona kola ya shati kama yeye. Ukiikunja katikati, ncha mbili zinalaliana sawasawa, na tangu mdogo wangu alipomuoa na mimi nikamtafutia kazi hapa, miaka sita iliyopita, sijaona mtu akifumua kola yake hata moja. Mimi ni mkataji. Nasimama mezani na mkasi mkubwa tangu asubuhi, nakata huku nasema. Wananiita Redio, na sina haja ya kueleza kwa nini.

Si kila mtu nampenda, lakini wifi nilimpenda siku ile ya kwanza kwa sababu alinijibu. Nilimwambia, "Mwembamba hivi, si mdogo wangu atakutafuta kitandani kwa tochi?" Akasema, "Bora mimi wa kutafutwa, wifi. Wewe unaonekana hata taa ikizimwa." Basi yakaisha, tukawa mtu na wifi yake. Tunaishi ua mmoja, mlango wangu unatazamana na wao.

Kuna jambo moja tu ambalo hatukulifanyia utani. Miaka mitatu iliyopita, mimba yake ya kwanza ikiwa ya miezi saba, presha ilimpanda bila mtu kujua. Alianguka hapo hapo kwenye cherehani, akashikwa na degedege, ile wanayoiita kifafa cha mimba, na mtoto tukamzika kabla mama yake hajapata fahamu. Alipozinduka alimuuliza mumewe mtoto yuko wapi. Mdogo wangu anachomelea vyuma kutwa na haogopi moto, lakini siku hiyo alitoka nje akaniachia mimi nijibu. Nilijibu. Kwa hiyo ilipoingia mimba ya pili, ua mzima tulikuwa tunanyata.

Kliniki wakampa saa. Si ya kutazamia muda tu. Ina kioo cheusi na mkanda wa mpira, na chini yake kuna taa ya kijani inayomulika ngozi. Inapima presha na mapigo ya moyo, inahesabu hatua, na kila inachokiona inakituma kwenye simu ya nesi. Walipewa wanawake waliowahi kupoteza mimba kwa presha. Nesi alimvalisha kwa mkono wake akamwambia, "Mama, mficha uchi hazai. Hii usiivue ila unapooga. Mimi nikiwa huku naona kama uko salama."

"Kwa hiyo akigombana na mumewe utajua," nikasema.

"Nitajua kabla yako," nesi akanijibu, na mimi nikamheshimu kuanzia hapo.

Tabu ilianzia kazini. Mkono wa kushoto wa mshonaji hufungwa kimto cha pini. Wa kulia huzungusha gurudumu la cherehani, na saa ikawa inagonga chuma. Wifi akaona asijisumbue, akaifunga kwenye kifundo cha mguu. Kesho yake asubuhi simu ikalia, sauti ya nesi imepanda.

"Mama, jana umetembea hatua elfu thelathini na moja. Ulikuwa unakwenda wapi na tumbo hilo?"

"Nilikuwa nimekaa, nesi."

"Umekaa vipi?"

"Nakanyaga cherehani."

Karakana ilicheka mpaka mtu wa pasi akaunguza suruali. Nesi hakucheka. Alitaka saa irudi mkononi, kimto kihamie mezani, na kila baada ya muda Kola ainue miguu juu ya kiti apumzike. Presha ikipanda kidogo saa ilitetemeka, nesi akapiga, Kola akasimamisha cherehani. Ndivyo tulivyoishi wiki nyingi, na mimba ikafika wiki thelathini na tatu, mbali kuliko ile ya kwanza.

Hapo ndipo yalipoingia mashati ya shule, mia sita, na shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki inayofuata. Mikono na vifungo tunaweza kugawana, lakini kola zilikuwa za mtu mmoja. Mwenye karakana alimwambia akitaka akae nyumbani, atatafuta mwingine. Wifi akakataa. Aliniambia pembeni, "Nyumbani nakaa nasikiliza tumbo, wifi. Hapa angalau nasikiliza cherehani."

Jumatatu ile ya kwanza saa ilitetemeka mara nne kabla ya saa sita mchana. Kila mara nesi alimwamuru apumzike saa nzima. Kola zilirundikana kwenye kapu, na wifi, mtu asiyelia ovyo, alikuwa machozi yanamlengalenga. Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema ili mtu asije akamlaumu yeye.

"Nipe mimi hiyo saa, wewe shona. Oda ikiisha nitakurudishia."

"Nesi atajua."

"Nesi anajua mkono wa nani? Anaona namba tu."

Alilitazama kapu, akaivua. Mkanda ulikuwa umemwachia alama iliyozama kwenye nyama. Nikaufunga kwangu, ukanienea kwenye tundu lile lile alilokuwa akitumia yeye. Mimi mnene, yeye mwembamba, tundu moja. Nikamtania kwamba hatimaye chakula cha mdogo wangu kimeanza kuonekana, nikarudi kwenye mkasi wangu.

Jioni mdogo wangu alimuuliza mkewe, "Saa iko wapi?"

"Kwenye chaji," akasema.

Nilikuwa naosha vyombo uani. Nikashusha mkono wa gauni ukafunika kiganja, ukalowa povu.

Jumanne alasiri nesi akapiga. Wifi akaweka sauti ya nje, tukasikia wote wawili. "Mama, tangu jana unanifurahisha. Mia moja na kumi na tano kwa sabini na tano, presha kama ya msichana. Umelala vizuri, mapigo yametulia. Kesho kliniki nina foleni ndefu, basi wewe njoo wiki ijayo. Endelea hivyo hivyo."

Nilijisikia nimesifiwa. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Miaka arobaini na sita, na presha ya msichana. Wifi akanikonyeza, tukacheka chinichini, na Jumatano hakwenda kliniki.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye kapu lake kuchukua kola zilizokwisha. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ncha moja ilikuwa ndefu. Ya tatu ilishonwa upande wa ndani ukiwa nje.

"Wifi, hii ni nini?"

Akainua uso. Ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo. "Leo hiyo taa inametameta sana," akasema. "Inaniumiza."

Taa ilikuwa imezimwa. Asubuhi tunashonea mwanga wa dirisha.

Nikamshika mkono. Kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni asichomwe na sindano kilikuwa kimekwama, kidole kimevimba huku na huku. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu jana, alilala nacho. Nikaogopa, nikaogopa kweli, na saa mkononi mwangu ikatetemeka. Kwa siku tatu haikuwa imetetemeka hata mara moja. Ilikuwa imehisi hofu yangu mimi, na yeye mwenye kuihitaji alikuwa mbele yangu mkono mtupu.

Niliivua, nikamfunga yeye. Tundu lile la zamani halikumfikia tena, ikabidi nilegeze mawili. Tulisubiri isome. Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Mia moja sabini na mbili kwa mia moja kumi na nne. Sijasoma kitabu chochote cha udaktari, lakini namba ile niliielewa. Kabla sijashika simu, simu ikalia.

"Mama, imepanda ghafla," nesi akasema. "Njoo sasa hivi. Usioge, usibadilishe nguo, njoo."

Tulimlaza kwenye gari la karakana juu ya marobota ya kitambaa. Njia nzima nilimsemesha ili asifumbe macho. Nilimweleza habari za watu wote ninaowajua, na alijibu "mm" kila mara, na mimi kila "mm" niliihesabu.

Hospitalini walimpima kwa mashine yao, ikasema yale yale. Nesi alikuwepo na simu yake. Mdogo wangu alifika mbio, miwani ya kuchomelea ingali shingoni. Daktari, mama mmoja wa sauti ya polepole, alimuuliza wifi, "Kichwa kimeanza kuuma lini?"

"Leo asubuhi," wifi akasema.

Daktari akachukua simu ya nesi, akatazama mstari wa presha. Nami nilichungulia. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mstari umelala kama kamba ya nguo. Alhamisi umesimama wima.

"Imempanda leo tu," daktari akasema. "Siku tatu zote alikuwa vizuri kabisa. Basi tunaweza kumpa dawa tukamwangalia. Mtoto akipata siku kadhaa zaidi tumboni, mapafu yake yatashukuru."

Mdogo wangu akashusha pumzi. Wifi akanishika mkono chini ya shuka, akaubana kwa nguvu zote alizobaki nazo. Nilijua anachoniomba. Alizitaka zile siku kwa ajili ya mtoto, na hakutaka mumewe ajue. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Redio, niliyesema maisha yangu yote, nilisimama pale nikatafuta namna ya kunyamaza zaidi. Nilijiambia labda ni kweli, labda imempanda leo. Kisha nikakumbuka tundu la mkanda, Jumatatu: mkono wake ulikuwa umeshavimba.

"Daktari," nikasema, "hizo namba za siku tatu si zake. Ni zangu."

"Zako vipi?" nesi akauliza.

Nikapandisha mkono wa gauni. Alama ya mkanda ilikuwa bado mbichi. Wifi aliachia mkono wangu. Mdogo wangu alinitazama akasema, "Dada."

Daktari akainama kwa wifi, akamuuliza upya, taratibu. Safari hii akasema kweli. Kichwa kilianza Jumatatu jioni. Na tangu jana tumbo linamuuma huku juu, chini ya mbavu.

"Basi hatuna siku kadhaa," daktari akasema. "Hatuna hata leo nzima." Akaanza kutoa maagizo: sindano ya kuzuia degedege, damu, chumba cha upasuaji.

Nesi hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikuwa anamvua wifi kile kikofia cha kidole kwa sabuni, hanitazami. "Ile kliniki ya Jumatano," akasema, "niliifuta kwa sababu ya mkono wako."

Tulikaa kwenye benchi moja, mdogo wangu mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule. Katikati palikuwa pamebaki nafasi ya watu wanne, na waliokuja kutafuta pa kukaa walitutazama wakaenda kwingine. Niliomba kwa maneno yote niliyojua. Sikuomba nisamehewe. Niliomba wawili.

Alizaliwa wa kike, kilo moja na gramu mia saba. Wifi alipozinduka kesho yake, midomo imekauka, aliuliza swali lile lile la miaka mitatu iliyopita. "Mtoto yuko wapi?" Nikageuka kumtazama mdogo wangu. Hakutoka nje. Akavuta kiti, akamshika paji la uso, akamwambia, "Yuko chumba cha watoto njiti. Anapumua."

Wifi alilia muda mrefu. Alipotulia alinitafuta kwa macho. "Ile kola ya tatu," akasema, "umeifumua?"

"Nimeifumua," nikasema. Nilikuwa sijaifumua. Nilikwenda nikaifumua jioni ile ile.

Siku ya tatu waliniruhusu kuingia kwa mtoto. Amelala ndani ya kisanduku cha kioo, kofia imemmeza, na kwenye mguu wake, mguu wa urefu wa kidole changu cha mwisho, wamemfunga kitambaa chenye taa nyekundu. Waya unatoka hapo mpaka kwenye kioo cha mashine iliyo kando, na kwenye kioo hicho kuna namba. Mia moja arobaini na nane. Mia moja hamsini. Nesi alikuwa amekuja kumwona. Nikamuuliza, nikijua ninavyosikika, "Hayo mapigo ni yake mwenyewe?"

Alinitazama, kisha akaufuata waya kwa kidole tangu kwenye kioo mpaka mguuni, polepole, ili nione. "Ni yake," akasema.

Baadaye mdogo wangu aliingia, akakaa upande wa pili. Hakuwa amesema nami neno tangu lile "dada." Alimtazama mwanawe, na kwa pale alipokaa kioo cha namba kilikuwa kimempa mgongo.

"Inasoma ngapi?" akauliza.

"Mia moja arobaini na nane."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akazunguka kisanduku, akaja kuangalia mwenyewe.