Zulhumor na Shingo Yake

Zulhumor alikuwa bibi harusi wa juzijuzi hapo Margilan, mji wa wafuma hariri, lakini shingo ilimuuma kama ya ajuza. Ataachaje kuumwa? Kutwa yuko kwenye mtambo akifuma hariri, na asubuhi, kabla chai haijamiminwa, lazima asimame mlangoni na shela lake awainamie wakwe, kidevu kifuani. Akija jirani, anainama. Akija shangazi wa jirani, anainama tena. Loo! Mtu huyo au bawaba ya mlango?

Vidole vikaanza kufa ganzi. Hapo ndipo alipoogopa, maana bila vidole hafumi, na kufuma ndiyo kazi aipendayo. Mama mkwe wake, Bi Mastura, akasema ni kijicho cha watu, akamfukiza majani makavu. Zulhumor akakohoa wee, ganzi ikabaki palepale.

Aliyemsaidia ni Rano, mcheza ngoma mstaafu wa mtaa wa pili, aliyekuja kununua kitambaa.

"Wee mwanangu, mbona unainamia shingo? Nyonga umepewa za kukalia tu? Legeza taya. Shusha mabega, hakuna anayekupiga. Jikunje hapa kwenye nyonga, mgongo na kichwa viende pamoja. Na uzi ukikatika, usiunge kabla hujasimama ukajinyoosha."

Zulhumor akashika mafunzo. Polepole vidole vikaamka.

Lakini Bi Mastura alichoona ni mkamwana aliyenyooka tu.

"Siku hizi unatembea umetunisha kifua. Nani kakutia kiburi?"

"Si kiburi, mama. Ni shingo, ilikuwa inaniua."

"Shingo ya bibi harusi inainama! Dada zangu wanakuja Jumamosi. Ukiniaibisha mbele yao, funga virago urudi kwenu."

Jumamosi ikafika, wageni wakajaa, pilau ikapakuliwa. Zulhumor akatokea mlangoni, mkono kifuani, akainama kwa nyonga, chini kuliko siku zote. Shingo haikupinda.

"Inama vizuri!" Bi Mastura akafoka.

Zulhumor akarudia. Vilevile.

"Nimesema shingo, husikii?"

"Nasikia, mama. Heshima nitawapa asubuhi na jioni mpaka mchoke kuipokea. Shingo siwapi ng'o! Ikiharibika hii, mikono inakufa, na mikono hii ndiyo iliyofuma hariri mliyovaa humu ndani. Kama ni virago, niambie nikafunge sasa hivi."

Bi Mastura akataka kuwatazama dada zake wamuunge mkono. Ikambidi ageuze mwili mzima, mabega na kiuno, kwa kuwa shingo yake ilikwisha kukataa kugeuka tangu alipokuwa bibi harusi katika nyumba hiyohiyo. Dada zake wakaliona. Naye akajua wameliona.

"Haya, mimina chai," akasema kwa sauti ndogo.

Zulhumor akachukua birika, akawamiminia mmoja mmoja, amenyooka.