Tulipopima Magadi kwa Mdomo

Enzi zetu pipeti ilivutwa kwa mdomo. Wenzangu wa rika langu mtatabasamu, maana ndimi zenu zinakumbuka. Hapakuwa na kile kimpira cha kuvutia. Uliweka kinywa kwenye bomba la kioo, ukavuta myeyusho mpaka upite alama, ukaziba haraka kwa kidole cha shahada, kisha ukauachia ushuke polepole hadi alama ilipo. Leo ni marufuku, na ni haki.

Shule yetu ilikuwa upande wa Bugene. Maabara ilinuka spiriti, na upepo ukigeuka iliingia harufu ya maharage ya mchana, basi hesabu zote zikavurugika. Mifukoni tulificha kahawa ya kutafuna kutoka nyumbani.

Kwetu Igurwa, kuvuta kwa mdomo tulikujua tangu utotoni. Baba akikamua ndizi mbivu, juisi yake, omuramba, iliwekwa kwenye kibuyu kimoja, nasi ndugu wote tukachomeka mirija yetu ya tete humo humo. Aliyevuta polepole aliambulia machicha. Basi siku ya kwanza niliposhika pipeti, nilivuta kama niko kibuyuni na kaka zangu. Sodiamu haidroksaidi, yale magadi makali, ikajaa kinywani. Kwanza utelezi wa sabuni, kisha moto! Niliitema dirishani, nikasukutua maji mpaka ndoo ikaisha.

"We mtoto wa Igurwa, hiyo si omuramba!" alipiga kelele Projestus, jirani yangu wa meza, kijana wa Mabira. "Utatumalizia dawa za shule!"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Ishengoma hakucheka. Alisema vifaa ni vichache, na kwenye jaribio la mwisho wa mwezi, ambaye vipimo vyake havitakubaliana ataacha kemia ahamie masomo mengine. Nami nilitamani kazi ya maabara kuliko kitu chochote. Tangu siku ile, kila nilipoisogeza pipeti mdomoni, niliukumbuka ule moto, nikaachia kabla myeyusho haujafika alama.

Jumamosi nilikwenda nyumbani, nikakata tete, nikakaa uani na ndoo ya maji. Wadogo zangu walinizunguka. "Dada amerukwa na akili, anakunywa maji kwa mrija!" Baba, aliyekuwa katekista, alitoka kutazama.

"Shikamoo baba. Najifunza kuvuta polepole."

"Marahaba. Basi vuta kama mtu anayesali. Mungu hana haraka, mwanangu. Wewe unamkimbia nani?"

Nilivuta, nikaziba, nikaachia, mpaka maji yakanitii. Jioni midomo iliuma, lakini woga ulikuwa umetulia.

Siku ya jaribio nilisuuza bureti, lile bomba refu lenye koki, kwa asidi, pipeti kwa magadi, na chupa ya kuchanganyia kwa maji matupu, kama tulivyofundishwa. Nikavuta magadi, sentimita za ujazo ishirini na tano, nikaongeza matone ya methili oranji, dawa ya kuonyesha rangi, yakawa manjano. Mkono mmoja ukazungusha chupa, mwingine ukashika koki ya bureti. Karibu na mwisho niliachia tone la asidi, nikasubiri. Tone jingine. Manjano yakageuka rangi ya chungwa! Nikarudia, nikarudia tena. Kila mara asidi ilisimama kwenye ishirini kamili. Ukali wake ulikuwa molari sifuri nukta moja, na inakutana na magadi kipimo kimoja kwa kimoja. Basi sifuri nukta moja mara ishirini, gawanya kwa ishirini na tano: magadi ni molari sifuri nukta sifuri nane.

Mwalimu alichungulia jibu aliloliandika mwenyewe, akachungulia langu. "Projestus," akaita, "njoo uone alivyopima mnywa omuramba."

Nilibaki kwenye kemia, nikafanya kazi maabara mpaka nikastaafu. Sasa mjukuu wangu anasomea ufundi huohuo. Ana kimpira cha kuvutia, ana simu ya kumkokotolea, na akizidisha tone rangi ikapitiliza, analaumu bureti. "Bibi, tutarudia tu," ananiambia, na kweli anarudia. Simwonei wivu, nafurahi amepata vingi. Ila utamu wa kubakiwa na nafasi moja tu na kufaulu, huo hataujua. Bado namshukuru Mungu kwamba rangi ilipogeuka kwa tone moja, alinikuta nimetulia, simkimbii mtu, kama baba alivyoniambia.