Uji wa Nusu Darasa

Mzungu mmoja alikuja shuleni kwetu Njombe kuchunguza kama mtoto aliyeshiba hujifunza vizuri zaidi. Akaligawa darasa: nusu yetu tukapewa uji kila asubuhi, nusu wakaambiwa watazame tu. Kwetu Ubena mtu hatii kitu mdomoni huku mwenzake akimtazama. Basi tulibakiza nusu kikombe, tukawapelekea wenzetu kwa siri nyuma ya choo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Mwisho wa muhula akatupa mtihani. Alama zikalingana. Mjinga yule akamwambia mwalimu mkuu, mbele yetu, kwamba uji hausaidii masomo.

Nilijua kwa nini zimelingana. Nikanyamaza, maana adhabu ya kugawana ilikuwa viboko sita. Sufuria zikaondolewa, na tangu wiki hiyo tukawa tunachapwa darasa zima, kila siku, kwa kusinzia.