Nilivyomsifu Mama Mbele ya Ajenti wa Bima

Nilimharibia mama bima kwa mdomo huu huu wa kulia ugali. Bima ya pikapu yake ilikuwa imeisha, na bila stika mpya polisi wasingemruhusu kupeleka samaki Kakuma. Tukaenda kwa ajenti wa bima hapa Lodwar.

"Mama, umewahi kupata ajali?" ajenti akauliza.

Kabla mama hajajibu, nikadakia. Kwetu mtu wa maana husifiwa kwa sauti, kama fahali anavyoimbiwa sifa, na mimi, bingwa wa ujinga, nilidhani dereva shujaa hupunguziwa bei. Nikasimulia alivyovuka laga, korongo la mto wa msimu, lililojaa maji ya mvua, abiria wanasali nyuma, yeye anatafuna tumbaku. Alivyogonga ngamia, akashuka, akanyoosha bampa kwa jiwe, na bado akafika Kakuma kabla ya basi. Haki ya Mungu, nywele zilinisimama nikimsimulia mama yangu mwenyewe!

Ajenti akaweka kalamu chini. "Kijana, huyu ni dereva wa hatari. Bima yake itakuwa karibu mara mbili."

Mama akanigeukia polepole. Nikatafuta mlango kwa macho.

"Ukisifu, sifu vizuri," akasema. "Ngamia walikuwa wawili."