Sumaku yangu na pipa la achari la Mama Kasto

Leo sumaku yangu imeniaibisha mbele ya mteja.

Mama Kasto wa mtaa wetu wa Mlabani anatengeneza achari ya maembe. Mwaka jana aliniletea bati nene la stenlesi nimchomelee pipa la kulowekea maembe kwenye chumvi.

Nikaligusisha sumaku, kama tunavyofanya mafundi wote hapa Ifakara. Ikanasa.

Nikamwambia kwa sauti, karakana nzima isikie, "Mama, umepigwa. Hii ni feki."

Akalirudisha. Muuzaji akambadilishia haraka, bila hata kubisha (hapo ndipo ningepaswa kushtuka). La pili sumaku haikunasa, nikamwambia, "Safi kabisa," nikachomelea pipa.

Leo karudi nalo. Lina vitundu kama limechomwa sindano, na maji ya chumvi bado yanavuja.

Injinia mmoja aliyekuja kuchukua geti lake akauliza kulikoni. Nikamsimulia. Akatikisa kichwa.

"Fundi, kuna stenlesi inayonasa sumaku, na ndiyo wanayotumia kwenye mitambo ya maji ya bahari. Chumvi haiiwezi. Hii yako isiyonasa ni ya bei rahisi tu."

Nikamgeukia Mama Kasto. "Shikamoo mama," nikasema, wakati nilishamwamkia alipofika.

Akachukua sumaku mezani, akaigusisha kwenye pipa. Haikunasa.

"Safi kabisa," akasema taratibu.

Maji yanamdondokea kwenye ndala. Mafundi wenzangu, hapo unajibu nini?